Ukurasa bila wasomaji ni sawa na redio bila betri: namna ya kupata watu wa kukusoma, na kutowapoteza

Andiko langu la kwanza lilisomwa na watu watatu. Wa kwanza nilikuwa mimi mwenyewe. Wa pili ni binamu yangu, kwa sababu nilimpigia simu mara mbili kumkumbusha. Wa tatu sijui hadi leo alikuwa nani. Pengine alipotea njia.

Lilikuwa andiko refu, lenye kichwa cha maneno kumi na mane ya Kifaransa. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi juzi, na niliandika kama vile mtu anayetetea memwari mbele ya maprofesa. Nilingoja wiki mbili. Hakuna aliyesema kitu. Hata binamu yangu hakusema kitu.

Hali hii vijana wengi wa Bukavu, Goma, Uvira, Bunia, Kalemie na Lubumbashi wanaijua. Mtu anafungua ukurasa wake, anauchagulia jina zuri, anaweka picha yake akiwa amevaa koti, anaandika mara tatu ao mara ine, kisha anaona kimya. Mwezi unaofuata ukurasa umelala. Si kwamba hajui kuandika. Ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa kuandika ni kazi moja, na kupata wasomaji ni kazi ingine.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini nenda soko la Kadutu asubuhi uone. Pale hata mama mwenye sambaza nzuri kuliko wote, zilizotoka ziwani usiku ule, anaita watu. Anawaita kwa majina. Anajua nani ana watoto wengi, nani anapenda kuongezwa kidogo juu ya kipimo, nani alinunua jana na leo anapita upande mwingine. Makala hii inahusu kazi hiyo ya kuita, kwa mtu ambaye bidhaa yake ni maneno.

Tulitoka wapi

Neno "weblog" lilianza kutumiwa Marekani mwaka wa 1997, na mwaka wa 1999 likafupishwa kuwa "blog". Mwaka huo huo wa 1999 ilitokea Blogger, programu iliyomwezesha mtu asiyejua ufundi wa kompyuta kuchapisha maandishi yake mwenyewe. Katika Kiswahili, Mtanzania Ndesanjo Macha ni mmoja wa walioanza mapema kabisa, kwa blogu yake iliyoitwa Jikomboe. Mtanzania mwingine, mpiga picha Issa Michuzi, alianza yake mwaka wa 2005, na Watanzania wa nyumbani na wa ng'ambo wakawa wanapita pale kutazama picha za arusi, za misiba na za mikutano. Siri yake haikuwa ngumu: watu walikuja kujiona wenyewe, na kuona watu wanaowafahamu.

Kwetu Kongo, Cédric Kalonji, aliyekuwa mwandishi wa Radio Okapi, alijulikana kwa Congoblog, ambamo alionyesha maisha ya kila siku kwa picha na maneno machache. Mwaka wa 2010 redio RFI ya Ufaransa ilianzisha Mondoblog, iliyokusanya wanablogu wanaotumia Kifaransa, Wakongomani wakiwemo. Baadaye ikaja Habari RDC, jumuiya ya vijana wanablogu kutoka majimbo mbalimbali ya inchi. Leo wengi hawana tena blogu yenye anwani yake. Wanaandika ndani ya Facebook, ao wanatuma maandishi yao ndani ya vikundi vya WhatsApp. Chombo kimebadilika. Swali limebaki lile lile: kwa nini mtu aache kazi yake anisome mimi?

Mwandikie mtu mmoja

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kutaka kusomwa na wote. Mtu anaandika leo juu ya siasa ya Kinshasa, kesho juu ya mpira wa Ulaya, kesho kutwa anatoa mashauri kwa waliooana, siku ya ine anaweka sala. Msomaji aliyekuja kwa ajili ya mpira hakuti mpira. Anaenda.

Chagua mtu mmoja. Si mtu wa kufikiriwa tu. Mtu unayemjua kwa sura. Kwangu mimi ilikuwa mama jirani yetu, mwenye kuuza maharagi na unga sokoni. Alisoma hadi mwaka wa pili wa sekondari. Ana simu ya kugusa ambayo kioo chake kimepasuka kwenye kona. Anafungua intaneti usiku, watoto wakiisha kulala, na ana mega kidogo. Siku nilipoanza kujiuliza kama mama huyu angeelewa sentensi yangu, na kama ingemsaidia kitu kesho yake sokoni, maandishi yangu yalibadilika bila mimi kusoma kitabu chochote cha ufundi wa kuandika.

Ajabu ni kwamba ukimwandikia mtu mmoja kwa ukweli, wengine wanaofanana naye wanakuja wenyewe. Mwenye kuandikia madereva wa moto wa Goma atasomwa na mafundi wao, na wauza vipande vyao, na wake zao. Mwenye kuandikia walimu wa Uvira atasomwa na wazazi wanaolipa ada. Lakini mwenye kuandikia "watu" hasomwi na mtu.

Lugha gani?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba Kifaransa ni lugha rasmi, na kwamba Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa. Radio Okapi, tangu ilipoanza Februari 2002, inatangaza kwa Kifaransa na kwa lugha hizo ine. Waliopanga redio ile walielewa jambo ambalo sisi waandishi wa kurasa tunachelewa kulielewa: mtu anaweza kujua Kifaransa cha kujaza karatasi ofisini, lakini hasira yake, kicheko chake na woga wake viko katika lugha ingine.

Sisemi Kifaransa kiachwe. Mwenye kuandika juu ya sheria za madini kwa ajili ya mawakili na mashirika, aandike Kifaransa, maana wasomaji wake wako huko. Lakini mwenye kulalamika kwamba wakaaji wa mtaa wake hawamsomi, hali anawaandikia katika lugha wanayoisikia kwa mwalimu na kwa hakimu tu, ajiulize kwanza.

Basi Kiswahili gani? Wengine wanaogopa kuandika kwa sababu wanadhani Kiswahili chetu si "sanifu". Wakumbuke André Yav. Mwaka wa 1965, mjini Lubumbashi, ambao zamani uliitwa Élisabethville, bwana huyo alikusanya historia ya mji kama walivyoiona wale waliofanya kazi za nyumbani kwa wazungu, na akaiandika kwa Kiswahili cha kwao Katanga. Hakungoja mtu wa kumsahihishia. Miaka ishirini na mitano baadaye, mwaka wa 1990, mtaalamu Johannes Fabian alichapisha andiko hilo pamoja na tafsiri na maelezo, na hadi leo wenye kuchunguza historia ya Kongo wanalisoma. Aliandika kama walivyosema, na ndiyo sababu sauti yao haikupotea.

Shauri langu ni la katikati. Andika Kiswahili kinachoeleweka Bunia na Lubumbashi pia, si cha kata yako peke yake. Lakini likelemba iite likelemba. Ukiandika "chama cha kuweka na kukopeshana kwa zamu", mama mwenyewe aliye ndani ya likelemba hatajua kwamba unamzungumzia yeye.

Mega za msomaji ni mkate wake

Hapa tuhesabu kidogo. Andiko la maneno 1000 kwa Kiswahili, bila picha, lina uzito wa kilobaiti kama 7 hivi. Picha moja iliyopigwa na simu na kutumwa jinsi ilivyo inaweza kuwa na megabaiti 3. Ni kusema, picha moja ina uzito wa maandishi kama hayo zaidi ya 400. Mtu aliyenunua megabaiti 100 atamaliza mega zake kwa picha thelathini na tatu, pengine kabla hajasoma neno lako hata moja.

Mwandishi anayeishi karibu na waifai ya shirika ao ya chuo anasahau jambo hili. Msomaji wake halisahau. Akifungua ukurasa wako mara moja na kuona mega zimeenda, hatarudi, na hatakuambia sababu.

Kwa hiyo punguza picha kabla ya kuituma. Simu nyingi zina namna ya kufanya hivyo, na kilobaiti 100 zinatosha picha kuonekana vizuri juu ya kioo kidogo. Weka picha moja yenye kusema kitu, usiweke kumi zinazofanana. Video iache, isipokuwa video ndiyo habari yenyewe. Na jambo la maana liweke katika mistari mitatu ya kwanza. Umeme unaweza kukatika, betri inaweza kuisha, mtoto anaweza kulia. Msomaji akiishia mstari wa tatu, awe ameondoka na kitu mkononi.

Kichwa cha habari ni mlango, si mtego

Tuseme maji yamekosekana Kadutu tangu siku tatu. Mwandishi mmoja anaweka kichwa: "Mambo ya kushangaza Kadutu, hutaamini!" Mwingine anaweka: "Kadutu: siku ya tatu bila maji, hapa ndipo watu wanachota." Cha kwanza kitafunguliwa na wengi leo. Cha pili kitafunguliwa na wenye ndoo mkononi, na watu hao wataambia wengine, na kesho watarudi kuuliza kama maji yamefika.

Kichwa kizuri kinataja mahali, kinataja jambo, na kinaahidi kitu ambacho andiko linatoa kweli. Nilijifunza hili vibaya, na inabidi niseme namna gani.

Jioni moja mashua iliyotoka Goma kuja Bukavu ilichelewa. Upepo ulikuwa mkali ziwani. Ndani ya kikundi kimoja cha WhatsApp mtu asiyejulikana akaandika kwamba mashua imezama. Nilikuwa na ukurasa tangu miezi michache tu, na wasomaji wangu walikuwa wachache. Sikupiga simu bandarini. Sikumuuliza mtu yeyote. Niliandika mistari mitano, nikaweka kichwa chenye neno "msiba", nikatuma.

Ndani ya saa moja nilisomwa na watu wengi kuliko miezi yote iliyotangulia nikiijumlisha. Simu ilikuwa ikitetemeka mkononi mwangu, na siwezi kukana kwamba nilifurahi. Kisha nikasikia kilio nje. Mama jirani, yule yule niliyesema kwamba ninamwandikia, alikuwa na mume ndani ya mashua ile. Alikuwa ametoka bila viatu, anakimbia kuelekea bandari, na watoto wawili nyuma yake.

Mashua ilifika saa sita za usiku. Injini ilikuwa imesumbua, hakuna mtu aliyekufa. Asubuhi niliandika kwamba nilikosea. Masahihisho yale yalisomwa na watu wachache sana kuliko uongo wa jana yake. Mama jirani hakunitukana. Aliacha tu kunisalimia, na kwa muda mrefu sikuona alama yake kwenye ukurasa wangu.

Habari ya kweli iliyochelewa saa moja haimwui mtu. Tangu siku ile nina kanuni moja: kama sina watu wawili waliokuwepo, ambao hawakuambiana, siandiki. Na kama ninaandika kwamba jambo halijahakikishwa, ninaliandika kwenye kichwa, si kwenye mstari wa mwisho.

Wengine waliisha kuona hatari hii kabla yetu. Kampuni ya WhatsApp, tangu Januari 2019, ilizuia ujumbe mmoja kupelekwa mbele kwa zaidi ya vikundi ao watu watano kwa mara moja. Aprili 2020, ujumbe uliopita mikono mingi ukawa unapelekwa kwa mmoja mmoja. Na sheria ya inchi yetu iko. Kanuni ya mambo ya dijitali, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, inasema katika kifungu cha 360 kwamba mwenye kuanzisha ao kusambaza habari ya uongo juu ya mtu kwa njia ya mitandao anaweza kufungwa mwezi mmoja hadi sita, na kulipa faini ya franka za Kongo 500 000 hadi 1 000 000, ao mojawapo ya azabu hizo. Kusambaza, si kuanzisha tu. Waandishi wengi wanaona sheria hii inaweza kutumiwa pia kuwanyamazisha wenye kusema kweli. Hiyo ni sababu ingine ya kuwa na uhakika, na kuweka ushahidi wako vizuri.

Toa kitu kinachosaidia kesho asubuhi

Tarehe 22 Mei 2021, siku ya posho jioni, Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, liwali wa kijeshi alitangaza kwamba kata 10 kati ya 18 za mji wa Goma zihame. Siku zile mitandao ilijaa. Kulikuwa picha za moto kutoka volkano za inchi zingine, kulikuwa unabii, kulikuwa matusi juu ya serikali. Lakini mtu wa Goma alikuwa anatafuta jibu la swali moja: kata yangu iko kwenye orodha ao haiko? Na kama iko, tunapitia wapi, Sake ao Gisenyi? Aliyeweka orodha ile wazi, kata moja mstari mmoja, alifanya kazi ya mwandishi.

Si lazima volkano ilipuke. Msaada wa kila siku ndio unaojenga mazoea. Baada ya aibu yangu ya mashua, sikuwa na nguvu ya kuandika maoni makubwa. Nilianza kuenda sokoni kila siku ya kwanza ya juma, asubuhi, na kuandika bei: maharagi kwa kopo la Guigoz, unga wa muhogo, mafuta ya ngazi, makala ya kupikia. Bei ya leo, na bei ya juma lililopita kando yake. Hakuna zaidi. Hakuna maneno ya akili.

Wiki ya kwanza hakuna aliyejali. Wiki ya tano, mama mmoja alinitumia bei za soko la kwao bila mimi kumwomba. Wiki ya nane walikuwa watu sita, kutoka masoko mbalimbali. Nilikuwa nimetafuta wasomaji, nikapata wasaidizi, na hao ni bora, maana mtu aliyeweka mkono wake ndani ya kazi hawezi kuiacha kirahisi.

Jibu, uliza, sahihisha

Watu wengi wanadhani kazi inaisha wakati andiko limetumwa. Ndipo inaanza. Msomaji akikuandikia, mjibu siku ile ile, kwa jina lake, kwa heshima unayompa ukikutana naye njiani. Mama ni mama, mzee ni mzee, yaya ni yaya, hata kama yuko nyuma ya kioo. Akikusahihisha, mshukuru mbele ya wote na urekebishe andiko, ukisema wazi ulichorekebisha. Niliogopa kwamba kukubali makosa kungenishusha. Kinyume chake, ndicho kilichowarudisha wengine.

Ukiuliza swali, liwe la kujibika. "Munafikiri nini juu ya elimu?" halipati jibu. "Shule ya mtoto wako imeomba franka ngapi mwaka huu, na ni ya wapi?" linapata majibu hamsini, na majibu hayo, ukiyahakikisha, ni andiko la wiki ijayo.

Lakini mlango wazi unaingiza pia wezi. Katika sehemu zetu, maneno juu ya kabila la mtu yameisha kumwaga damu. Usiache matusi ya kabila kwenye ukurasa wako hata usiku mmoja, hata kama yanaleta watu. Yaondoe, na sema sababu. Ukurasa ni kama nyumba: kinachosemwa barazani kwako, jirani anadhani umekikubali.

Siku yako iwe siku yako

Mama muuza sambaza akikosa mara tatu, wateja wanamzoea mwingine. Afazali andiko moja kila juma, siku moja na saa moja, kuliko matano wiki hii na kimya miezi miwili. Andika maandishi matatu kabla ya kufungua ukurasa, ili malaria ama msiba wa ukoo usikukatie njia.

Nikichoka, ninamkumbuka Solange Lusiku Nsimire, aliyeongoza gazeti Le Souverain pale Bukavu tangu mwaka wa 2007. Gazeti la karatasi, katika mji wenye taabu ya kupata mahali pa kuchapisha, mbele ya wakaaji ambao wengi hawakuwa na pesa ya gazeti. Alitishwa, nyumba yake ikashambuliwa, na hakuacha. Chuo kikuu cha Louvain cha Ubelgiji kilimpa shahada ya heshima mwaka wa 2012, na mwaka wa 2014 akapewa tuzo la uhodari la shirika la kimataifa la wanawake waandishi wa habari. Alikufa Oktoba 2018. Sisi tunaolalamika kwamba tumepata alama kumi tu za kidole, tumpime yeye.

Linda maandishi yako, na jilinde wewe

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima, na ikarudi karibu siku ishirini baadaye. Wenye kurasa walibaki na maneno mdomoni. Mwaka wa 2023, tarehe 21 Agosti, Skyblog ya Ufaransa, ambamo vijana wengi wenye kutumia Kifaransa waliandika ujana wao tangu 2002, ilifungwa. Ambaye hakuwa na nakala alitegemea wengine wamhifazie. Funzo ni moja: mtandao si kabati lako. Kila andiko liwe na nakala pengine, kwenye kadi ya kumbukumbu ao hata kwenye daftari. Na uwe na orodha ya namba za wasomaji waliokubali kuandikiwa, ili ukurasa ukifungwa uweze kuwaita tena. Orodha hiyo ifiche vizuri, maana ni majina ya watu.

Tangu waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, waandishi wengi wamehama ao wamenyamaza. Siwezi kumwambia mtu kwamba kusomwa kuna zamani kuliko uhai wake. Usionyeshe mahali ulipo wakati ungali pale. Usitaje jina la aliyekuambia jambo kama halijamlinda. Picha yenye sura za watu wakimbizi, iangalie mara mbili kabla ya kuituma. Na kuna siku ambapo andiko zuri zaidi ni lile linalobaki ndani ya daftari hadi wakati wake.

Juu ya pesa, niseme kwa ufupi. Anayekuahidi utajiri kwa ukurasa wa wasomaji mia tatu anataka pesa zako. Wengine wanapata kazi kwa sababu ya maandishi yao, wengine wanapata matangazo ya maduka ya mtaa. Ikija, pokea, na waambie wasomaji wazi kwamba tangazo ni tangazo. Lakini mwenye kuanza kwa ajili ya pesa huacha mwezi wa tatu.

Ilipita karibu mwaka tangu jioni ya mashua. Asubuhi moja ya siku ya kwanza ya juma nilikuwa na homa, sikuenda sokoni, sikuandika bei. Saa tatu mlango ukagongwa. Alikuwa binti wa mama jirani. Alisema mama yake ametumwa na wenzake wa sokoni kuuliza: bei za leo ziko wapi? Na kama mimi ni mgonjwa, niseme tu, yeye atazileta.